Kuongeza Nguvu ya Injini Ndogo ya Mipigo Miwili: Hatua kwa Hatua kwenye Yamaha DT125

Yamaha DT125 ya zamani, ile inayopozwa kwa upepo, ilifika vijijini kwetu ikiwa pikipiki ya bwana shamba, ya padri na ya mhudumu wa zahanati. Leo inatafutwa na vijana wanaotaka kupanda milima na kukimbia porini, na swali lao la kwanza huwa moja: nitaiongezaje nguvu? Inawezekana, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa zana za kawaida pamoja na fundi mmoja mwenye mashine ya kukereza. Ila injini ya mipigo miwili ina tabia yake. Namna hewa inavyoingia, inavyobanwa, inavyowaka na moshi unavyotoka ni mambo yaliyoshikana. Ukigusa moja umeyagusa yote, na ndiyo maana utaratibu wa kazi una maana kuliko ukali wa tupa.

Mahesabu yote hapa ni ya silinda yenye kipenyo cha milimita 56, pistoni inayosafiri milimita 50, na konrodi ya milimita 100 kutoka katikati ya pini ya pistoni hadi katikati ya pini ya krenki. Ujazo wake ni cc 123. Mwenye AG100, Suzuki TF au kapikipiki ka mashindano ka cc 65 ka mtoto afuate njia hizi hizi, lakini vipimo avichukue kwenye injini yake mwenyewe. Neno "kilele" nitalitumia kwa maana ya pistoni ikiwa juu kabisa, na "kitako" ikiwa chini kabisa.

Hatua ya 1: Amua nguvu ikae wapi

Nguvu farasi ni msukumo wa krenki ukizidishwa na idadi ya mizunguko. Kwa hiyo kuna njia mbili tu: kila mlipuko usukume zaidi, au milipuko iwe mingi zaidi kwa dakika. Njia ya pili ndiyo inayotoa namba kubwa, lakini hula nguvu ya chini. Pikipiki iliyofunguliwa mlango wa moshi, yaani tundu la silinda linalotolea moshi, kwa pupa hulala chini ya mizunguko 6,000, kisha huamka ghafla na gurudumu la mbele kunyanyuka. Kwenye uwanja wa motokrosi kama Garuga kule Uganda, mpandaji mzoefu anaimudu tabia hiyo. Kwenye njia ya matope ya Mgeta, na gunia la viazi limefungwa nyuma, haifai hata kidogo.

Mimi nasimama upande wa nguvu ya katikati, kati ya mizunguko 5,000 na 8,500, na kila kipimo kinachofuata kimechaguliwa kwa ajili hiyo. Hapo pikipiki inavuta, injini inadumu, na mtu anaweza kuiendesha siku nzima bila kuchoka mkono wa klachi.

Hatua ya 2: Rudisha kwanza nguvu iliyopotea

DT nyingi zilizopo mtaani hazina hata nguvu zilizotoka nazo kiwandani. Masizi yameziba mlango wa moshi, ringi zimelegea, ridi (ndimi za kuingizia mchanganyiko) zimepasuka, oili sili zimekauka. Ukiifungulia milango injini ya namna hiyo unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Wengi wakimaliza hatua hii hugundua kwamba nguvu waliyokuwa wakiitaka ilikuwemo humo humo.

Vua hedi na silinda. Ziba mdomo wa nyumba ya krenki kwa kitambaa safi ili uchafu usidondoke ndani. Kwangua masizi kwa kipande cha mti mgumu au shaba. Bisibisi huacha mikwaruzo inayoshika masizi upya. Chomoa kiini cha kopo la mwisho la egzosi, kichome moto, kipige brashi ya waya, hakikisha matundu yake yote yanaonekana.

Pima pistoni kwenye sketi, karibu milimita 10 kutoka chini, kwa upande unaokingama na pini. Pima silinda juu, katikati na chini. Nafasi kati yao kwa pistoni mpya iwe karibu milimita 0.05, ikifika 0.1, silinda ichongwe na pistoni iongezwe saizi. Pistoni za kuongeza hupanda kwa 0.25 kila mara. Hii ni faida ya DT: silinda yake ina ganda la chuma linalochongeka. Silinda nyingi za pikipiki za mashindano za miaka ya karibuni zimepakwa nikeli na kabidi ya silikoni kwa ndani, na hizo hazichongwi kwa njia hii.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, nami nakiona kuwa muhimu kuliko vyote: kuvuja kwa nyumba ya krenki. Injini hii hufyonza mchanganyiko wa hewa na petroli kupitia nyumba ya krenki, kwa hiyo upenyo wowote pale huingiza hewa ambayo kabureta haikuihesabu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inapata moto, inashika, yaani inakwama ndani ya silinda. Fanya hivi. Rudisha injini pamoja, peleka pistoni kitako ili milango yote iwe wazi. Ziba njia ya kabureta na njia ya egzosi kwa mpira mnene uliobanwa na kipande cha bati. Kupitia tundu la plagi, sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli yenye geji hadi bar 0.4, yaani psi 6, usizidishe. Isishuke zaidi ya psi 1 kwa dakika. Ikishuka, pitisha maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya silinda, kwenye ridi, na kwenye oili sili ya upande wa magneto, uangalie povu. Oili sili ya upande wa klachi huioni kwa macho, lakini ina dalili zake: moshi mweupe mzito usioisha, na oili ya gia inayopungua bila kuonekana inakovujia.

Usiendelee na hatua nyingine mpaka kipimo hiki kipite.

Hatua ya 3: Sproketi

Hii haiongezi nguvu ya injini hata chembe, lakini ndiyo ya bei ndogo na matokeo yake yanaonekana siku hiyo hiyo. Ukitoa sproketi ya mbele ya meno 15 na kuweka ya 14, mvuto kwenye gurudumu unapanda kwa asilimia 7 hivi, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi karibu na hicho. Ukiishia hapa na ukaridhika, umeridhika kwa bei nzuri. Ukiendelea, bado utaihitaji, kwa sababu nguvu ikisogea juu kidogo, gia zinapaswa kusogea nayo.

Hatua ya 4: Hedi

Hapa ndipo pesa inapolipa. Hedi iliyorekebishwa vizuri huongeza nguvu kuanzia mizunguko ya chini hadi ya juu, haichagui sehemu.

Anza na nafasi kati ya ukingo wa pistoni na ukingo wa hedi ikiwa kwenye kilele. Kata vipande viwili vya waya wa risasi wa kuchomelea redio, wenye unene wa milimita 2. Vibandike kwa grisi juu ya pistoni, kimoja kushoto na kingine kulia, vikifuata mstari wa pini ili pistoni isiyumbe. Ncha zake zifikie ukuta wa silinda. Funga hedi na gasketi yake kwa nguvu ya kawaida, zungusha krenki polepole kupita kilele, fungua, kisha pima ncha zilizobonyea kwa kalipa. Injini za kiwandani za aina hii mara nyingi huacha milimita 1.5 au zaidi. Lengo letu ni kati ya 1.0 na 1.2.

Nafasi hii ikiwa ndogo, pistoni inapokaribia kilele hubana mchanganyiko uliopo pembezoni na kuurusha katikati kwa kasi. Mchanganyiko unakorogeka, unawaka haraka na kwa ukamilifu, na ile gesi ya pembezoni ambayo ingelipuka yenyewe inakuwa haipo tena pale. Ndiyo maana nafasi ndogo huipa injini nguvu na pia huilinda. Lakini usishuke chini ya 0.9. Kwenye mizunguko mingi konrodi hunyooka na krenki hujikunja kidogo, na pistoni inaweza kuigonga hedi.

Kisha pima chumba cha moto. Ikiwa pistoni iko kilele na ukingo wake umezibwa kwa grisi, laza injini tundu la plagi likae wima, halafu jaza mchanganyiko wa oili na mafuta ya taa kwa bomba la sindano la hospitali mpaka ufike mwanzo wa nyuzi za plagi. Andika mililita zilizoingia.

Mgandamizo wa injini hii huhesabiwa kuanzia mlango wa moshi unapofungwa, kwa sababu kabla ya hapo hakuna kinachobanwa. Tuseme ukingo wa juu wa mlango wa moshi uko milimita 29 chini ya uso wa pistoni ikiwa kilele, na chumba kina cc 12. Eneo la silinda ya milimita 56 ni sentimita za mraba 24.63. Zidisha kwa sentimita 2.9, unapata cc 71.4. Jumlisha 12, gawanya kwa 12: mgandamizo ni 6.95 kwa 1. Fundi akikereza uso wa hedi kwa milimita 0.5, chumba kinabaki na cc 10.8 na mgandamizo unapanda hadi karibu 7.6. Nafasi ya pembezoni nayo inapungua kwa 0.5 hiyo hiyo, kutoka 1.6 kwa mfano hadi 1.1. Umepata mawili kwa mkato mmoja.

Kwa DT inayopozwa kwa upepo na petroli ya kituo cha kawaida, mimi sivuki 7.8. Wapo wanaokwenda mbele zaidi kwa mbio za dakika chache, lakini pikipiki inayopanda mlima kwa nusu saa haina muda wa kupoa.

Hedi iliyopinda kidogo tu unaweza kuisawazisha mwenyewe: weka msasa wa maji namba 240 juu ya kioo kinene, sukuma hedi kwa mwendo wa namba nane, geuza kila mara. Kukata nusu milimita mpelekee fundi wa kukereza, na baada ya hapo rudia kipimo cha waya. Usiamini hesabu peke yake.

Hatua ya 5: Milango ya silinda

Soma hatua hii yote kabla ya kushika tupa. Chuma kikishaondoka hakirudi.

Kwanza chora ramani. Ingiza karatasi ndani ya silinda, ikazie ukutani, sugua kwa penseli mpaka kingo za milango yote zitokee. Toa karatasi, andika vipimo: kimo cha kila mlango, upana wake, umbali kutoka juu ya silinda. Karatasi hiyo itunze. Bila ramani ya mwanzo hutajua umefanya nini, na fundi atakayekuja baada yako atafanya kazi gizani.

Kazi ya kwanza ni usafi. Silinda za kiwandani hubaki na mabaki ya kalibu, vijiukingo na makunyanzi kwenye mifereji ya pembeni inayopandisha mchanganyiko kutoka krenki. Linganisha mdomo wa mifereji hiyo na gasketi ya chini na mdomo wa krenki. Mara nyingi gasketi au chuma huchungulia njiani. Sawazisha kwa tupa ya duara. Msasa wa namba 120 unatosha kwa njia za kuingilia. Mlango wa moshi ulainishe zaidi, kwani ukiwa laini masizi hayashiki haraka. Kazi hii peke yake haibadilishi tabia ya injini, nayo ni salama hata kwa anayejifunza.

Kazi ya pili ni kuinua mlango wa moshi, na hapa nasema milimita 1, basi. Kwenye mfano wetu mlango ulio milimita 29 chini hukaa wazi kwa digrii 176 za mzunguko wa krenki. Ukipandishwa milimita 1 unakaa wazi digrii 181. Inaonekana ndogo, lakini inasogeza nguvu kwenye mizunguko ya juu zaidi na kuupa moshi muda zaidi wa kutoka kabla milango ya pembeni haijafunguka. Muda huo una kazi kubwa: shinikizo la silinda lisiposhuka vya kutosha, moshi hurudi kwenye mifereji ya pembeni na kuchafua mchanganyiko mpya. Kumbuka pia kwamba umepunguza mgandamizo. Ile 7.6 ya hatua ya 4 imekuwa 7.4, ndiyo sababu hedi na mlango wa moshi huhesabiwa pamoja kabla ya kukata chochote.

Upana wa mlango wa moshi usizidi asilimia 62 ya kipenyo cha silinda, ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Kwa milimita 56 hiyo ni 34.7, na mimi huishia 34. Ukipanua zaidi, ringi hutumbukia mlangoni na kukatika. Ukingo wa juu uwe na upinde laini usio bapa, ili ringi irudi ndani taratibu. Angalia pia kile kipini kinachozuia ringi isizunguke: ncha za ringi zisipite juu ya mlango wowote.

Milango ya pembeni usiipandishe. Faida yake kwa injini ya mlimani ni ndogo, na kuikata sawasawa kushoto na kulia bila vifaa maalumu ni kazi ngumu. Ikitofautiana hata kidogo, mchanganyiko huelekea upande mmoja. Kuna wanaoweka gasketi nene chini ya silinda ili milango yote ipande kwa pamoja; ujue kwamba nafasi ya hedi nayo hupanda kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo lazima ukate hedi zaidi.

Ukimaliza, piga kingo zote za milango mteremko wa nusu milimita kwa jiwe dogo. Osha silinda kwa mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni kwa brashi, kausha, paka oili mara moja kabla kutu haijaanza. Pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na weusi, osha tena.

Hatua ya 6: Ridi na kabureta

Ridi ni zile ndimi nyembamba zinazoruhusu mchanganyiko uingie krenki na kuuzuia usirudi. Ziangalie kwenye mwanga: ncha zikae zimefunga, nafasi isizidi milimita 0.3. Ulimi wa chuma ukikatika huingia kwenye injini na kuharibu pistoni, kwa hiyo ulimi wenye ufa hata mdogo utupe. Ndimi za faiba au kaboni ni nyepesi, hufuata mizunguko mingi vizuri zaidi, na zikivunjika madhara yake ni madogo. Nashauri uzinunue.

DT nyingi zilitoka na kabureta ya Mikuni ya milimita 24. Kwa nguvu ya katikati, ya 26 inatosha. Ya 28 inaingia, na juu itapumua vizuri, lakini chini hewa hupita polepole mno na petroli haifyonzwi sawasawa. Utaona pikipiki ikisita kila unapofungua mkono wa gesi kwa haraka. Mpira unaounganisha kabureta na silinda usiwe na nyufa. Kichungi cha hewa cha sponji kioshwe na kupakwa oili yake, na boksi la kichungi libaki. Wanaoliondoa husikia sauti kubwa na kudhani ni nguvu, wakati vumbi la kiangazi linamaliza ringi.

Hatua ya 7: Egzosi

Egzosi ya injini ya mipigo miwili ni sehemu ya injini. Lile tumbo lake lina kazi. Mlango wa moshi unapofunguka, wimbi la shinikizo hukimbia kwenye bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka, hurudisha mvuto unaosaidia kufyonza silinda. Likifika kwenye koni ya mwisho inayofinya, hurudi na shinikizo na kuusukuma ndani mchanganyiko mpya uliokuwa umeanza kutorokea nje, sehemu ndogo ya sekunde kabla mlango haujafungwa.

Aliyelifanya jambo hili kuwa elimu kamili ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilifikisha nguvu farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, bila kusukumiwa hewa na mashine yoyote. Mwaka huo huo mpandaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda Suzuki na maarifa hayo, na mwaka 1962 akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa cc 50. Kila egzosi yenye tumbo unayoiona leo inafuata kazi ile.

Urefu wake unahesabika. Chukua digrii ambazo mlango wa moshi unakaa wazi, zidisha kwa 43,000, gawanya kwa mizunguko unayotaka nguvu iwe juu kabisa. Jibu ni milimita kutoka uso wa pistoni, kufuata katikati ya bomba, hadi katikati ya koni ya mwisho. Kwa digrii 181 na mizunguko 8,500 unapata milimita 916. Ukitaka nguvu iwe juu kabisa kwenye 7,500, ni 1,038. Bomba refu huvuta chini, fupi huvuta juu. Kwa hesabu hii unaweza kuipima egzosi unayouziwa kabla hujatoa pesa, na kujua kama ilitengenezwa kwa injini inayofanana na yako.

Ukichomelea mwenyewe tumia bati la milimita 1, koni zipande kwa utaratibu, na machomeleo yasichungulie ndani. Bomba la mwisho, lile jembamba, kipenyo chake kiwe karibu 0.6 ya kipenyo cha bomba la mwanzo: kama la mwanzo ni milimita 36, la mwisho liwe 21 au 22. Likiwa jembamba zaidi joto hurudi na pistoni hutoboka juu. Likiwa pana, shinikizo linalotegemewa halipo. Kopo la kuzuia sauti libaki mahali pake. Lililopakiwa vizuri halipunguzi nguvu yoyote ya maana, na majirani nao wana haki ya kulala.

Hatua ya 8: Moto wa plagi

Mgandamizo ukipanda, mchanganyiko huwaka haraka zaidi, kwa hiyo moto hauhitaji kuwahi. Pengine uchelewe kidogo. Kwenye injini ya vipimo vyetu, digrii 20 kabla ya kilele ni pistoni ikiwa milimita 1.87 chini, na digrii 18 ni milimita 1.52. Pima kwa daiya geji, ile saa ya kupimia sehemu za milimita, kupitia tundu la plagi. Ukisikia mlio wa kugongagonga injini inapobeba mzigo, chelewesha hadi digrii 18 kabla ya kufanya lingine lolote. Plagi nayo ishushwe joto hatua moja: kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kwa hiyo iliyokuwa na 8 iwekee 9.

Hatua ya 9: Oili

Pampu ya oili ya Yamaha usiing'oe kwa pikipiki ya kazi. Inapima oili kwa mizunguko na kwa mkono wa gesi, na ikirekebishwa kwa alama zake inafanya kazi vizuri. Hakikisha kebo yake haijalegea na hakuna mapovu kwenye mpira wake. Ukiamua kuchanganya kwenye tangi, tumia 1 kwa 32: mililita 31 kwa lita moja, au 156 kwa lita 5. Oili iwe ya injini za mipigo miwili yenye alama ya JASO FC au FD, siyo ile inayopimwa kwenye chupa zisizo na lebo. Jua pia kwamba ukizidisha oili bila kubadilisha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, unapunguza petroli inayopita, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Oili nyingi haiwi kinga hapo.

Hatua ya 10: Kuizoesha, kisha jeti

Washa, acha ipate joto, zima, ipoe kabisa. Rudia mara kadhaa, kisha kaza tena nati za hedi injini ikiwa baridi. Kilomita 300 za mwanzo usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu wala usifungue mkono wote.

Jeti kuu anza na kubwa kuliko unayodhani inatosha, na injini iwe na petroli nyingi mpaka ikokorome juu. Tafuta barabara iliyonyooka, tupu, fungua mkono wote kwa gia ya tatu au ya nne, kisha kwa wakati mmoja zima kwa swichi na bana klachi. Simama, toa plagi, tazama kwa ndani kabisa pale kaure inapoanzia. Weusi mbichi: shuka saizi moja. Kahawia: acha hapo. Weupe: rudi juu mara moja. Ukiona vitone vidogo vya aluminiamu vinavyong'aa, injini inagonga na pistoni imeanza kuliwa; usiiwashe tena kabla ya kurudi hatua ya 4 na ya 8.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo vitabu vya nchi tambarare hulipitia juu juu. Nairobi ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Arusha karibu 1,400. Hewa ya Nairobi ina uzito pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na ya Mombasa kwa joto lile lile, na nguvu hupungua kwa kiasi hicho. Jeti iliyowekwa kwa hewa hiyo nyepesi itakuwa ndogo pwani. Injini iliyokaa vizuri Nairobi kwa jeti ya 150 itataka karibu 162 Mombasa, na ikienda na 150 hiyo hiyo, mkono wote ukiwa wazi kwenye tambarare, itashika. Kabla ya kuteremka weka 170, kisha ukifika soma plagi na ushuke taratibu. Ukirudi bara, rudisha ndogo, la sivyo itakohoa na kuchafua plagi.

Na kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Lushoto kwenda Mombo, usiiache injini ikishikilia pikipiki kwa gia huku umefunga mkono. Mizunguko iko juu lakini petroli na oili vinavyoingia ni vichache mno. Kila baada ya muda bana klachi na ufungue mkono kidogo, pistoni ipate oili, kisha endelea kuteremka kwa breki.